Tumejenga wenyewe programu ya ofisi ya maziwa hapa Tanga kwa jukwaa huria: tulivyofanya na pale tulipokwama

Karani wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuandika ni mara chache. Leo nimeona nikae niandike, maana kila baada ya siku mbili tatu mtu anauliza "programu ya stoo bei gani", anajibiwa "njoo inboksi", na uzi unafia hapo hapo. Anayekuja kusoma baadaye hapati kitu.

Natunza kumbukumbu za ushirika wa wafugaji nje kidogo ya Tanga mjini, upande wa Pongwe. Kuanzia saa 12 asubuhi watu wanaingia, mwenye baiskeli, mwenye pikipiki, mwingine na ndoo kichwani. Tunatumbukiza laktomita (kifaa cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji), tunachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yanaganda, tunaandika, yanamwagwa kwenye tangi la kupozea. Jioni tena hivyo hivyo. Kila siku 15 tunalipa. Sasa mama aliyeleta maziwa siku zote 15 akikuta lita zake hazijatimia kwenye karatasi ya malipo, hana pa kushika isipokuwa kwangu. Ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Tulianza na daftari. Likaja Excel, kila karani na faili lake. Halafu tukamlipa fundi atutengenezee mfumo. Ulifanya kazi mwaka mmoja. Fundi akahama mji, nywila ya seva alikuwa nayo yeye, msimbo alikuwa nao yeye, na siku tulipotaka kuongeza safu moja tu ya "sababu ya kukataa maziwa" hatukuwa na njia. Simlaumu sana. Mkataba tuliandika sisi, na haukusema data ni ya nani.

Nikaanza kusoma kuhusu haya majukwaa ambayo unaunda programu kwa kuburuta fomu, vitufe na majedwali kwenye kioo, na msimbo unaandika kidogo sana pale panapobidi. Kwa Kiingereza huitwa low-code, jina lililoanzishwa na kampuni ya utafiti ya Forrester mwaka 2014. Mengi ni ya kulipia kwa kichwa kila mwezi, tena kwa dola. Ila yapo yaliyo huria, unayapakua na kuyaweka kwenye mashine yako mwenyewe: Appsmith, ToolJet, Budibase ya kule Belfast, Baserow ya Amsterdam. Kuna na Frappe ya Mumbai, ambayo juu yake ndiyo imejengwa ERPNext, ile programu ya uhasibu na stoo.

Niliyajaribu karibu yote kwenye kompyuta ya nyumbani. Nawaambia kilichoniamulia, na si uzuri wa vitufe. Nilitaka ghala na dirisha viwe vitu viwili. Ghala letu ni databesi ya PostgreSQL: majedwali ya wanachama, mapokezi, malipo. Dirisha ni Appsmith, pale karani anapoona fomu na kubofya. Kesho dirisha likituchosha tunalitoa, tunaweka jingine, maziwa yote ya miaka yako palepale ghalani. Baadhi ya majukwaa yanakupa databesi yao ya ndani na ni rahisi kuanza nayo, lakini mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka.

Sasa sehemu ambayo naomba msome taratibu. Kabla sijagusa kompyuta tulikaa wiki mbili tukibishana kuhusu daftari. Sisemi kwa kuongeza chumvi, wiki mbili. Mwenyekiti, mhasibu, makarani wawili na mimi, na madaftari ya zamani yamefunguliwa mezani.

Tukagundua karani wa asubuhi anaandika kilo, maana anatumia mizani, na wa jioni anaandika lita, maana anatumia kipimo cha ujazo. Wote wameandika kwenye safu moja iliyoandikwa "kiasi". Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Inaonekana si kitu. Lakini chukua lita 600: tofauti ni 18 kwa siku, na kwa siku 15 za malipo ni 270. Kwa miaka tulikuwa tunagombana na wafugaji na dereva wa gari la maziwa, kumbe ugomvi uko kwenye kichwa cha safu.

Jingine ni saa. Karani mmoja akiandika "1:00" anamaanisha saa moja asubuhi. Kompyuta inaelewa saa saba usiku. Tumeondoa kabisa kuandika saa kwa mkono, mashine inaweka yenyewe, na karani anachagua tu "asubuhi" au "jioni". Na majina! Tuna akina Mwanaidi wanne, wawili hata jina la baba linafanana. Kila mwanachama sasa ana namba, na namba hiyo tumeipaka kwa rangi kwenye ndoo yake.

Tulipomaliza kubishana, fomu yenyewe niliijenga kwa jioni tatu.

Kuhusu mashine: tumenunua kompyuta ya mtumba, RAM gigabaiti 8, tumeweka mfumo wa Ubuntu, na Docker inayoendesha kila programu ndani ya "kontena" lake. Appsmith ina Java, MongoDB na Redis ndani yake, kwa hiyo usiiletee mashine nyonge. Na hapa kuna mtego kwa sisi watu wa mtumba: MongoDB kuanzia toleo la 5 inataka prosesa yenye uwezo unaoitwa AVX. Prosesa za kabla ya 2011 hazina, na hata Celeron na Pentium nyingi za baada ya hapo hazina. Kabla hujatoa hela dukani, washa mashine kwa flashi ya Ubuntu, andika `lscpu`, tafuta neno avx. Lisipokuwepo, mrudishie mwenyewe.

Makarani wanatumia simu zao kupitia ruta ya ofisini. Haihitaji bando, maana seva iko chumba cha pili. Mtakumbuka 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Ng'ombe hakusubiri nyaya zitengenezwe. Siku ile ndiyo nilijua seva yetu lazima ikae hapa hapa.

Bado nina mambo mawili yananisumbua. La kwanza, tuna vituo vidogo viwili milimani njia ya Amani, mtandao unakuja na kuondoka, na Appsmith bila kuifikia seva haifanyi kitu. La pili, mhasibu anauliza: nani kabadilisha namba hii, lini, na mwanzo ilikuwa ngapi? Kumbukumbu ya ukaguzi ya jukwaa lenyewe iko kwenye toleo la kulipia. Mwenye uzoefu naomba msaada.

---

Bint Chumbageni

Kaka Karani, Mungu akuzidishie. Mimi nina duka la vipuri barabara ya 12 na nina matawi mawili. Hapo kwenye kilo na lita umenigusa, kwangu ni "boksi" na "piece". Tawi moja likisema limebakiwa na 4, sijui ni boksi 4 au vipande 4, nampigia simu kila mara. Swali: mimi si mtu wa kompyuta, nimesoma biashara. Nitaweza peke yangu?

---

Karani wa Pongwe

Dada Bint, fomu na jedwali utaweza. Mimi mwenyewe nimesomea kilimo. Kitakachokutaka ujifunze ni SQL kidogo, ile lugha ya kuiuliza databesi: chagua hiki, kutoka jedwali hili, pale ambapo tawi ni Chumbageni. Ukiweza SELECT, INSERT na kuunganisha majedwali mawili, umemaliza sehemu kubwa. Kuweka seva mara ya kwanza tafuta kijana akusaidie siku moja, lakini ukae naye uandike kila amri anayopiga. Na nywila andika wewe kwa mkono wako.

Kama hutaki SQL kabisa, angalia Baserow. Inafanana na Excel, ila ndani yake ni databesi ya kweli.

---

Baharia wa Sahare

Naongezea kwenye saa, maana sisi ilitukuta mbaya zaidi. Tunanunua samaki kwa wavuvi wanaorudi usiku. Mashua nyingi zinafika saa 8 usiku. Tukaweka mashine ijaze tarehe yenyewe, kama alivyofanya Karani. Mwisho wa wiki hesabu ya kila siku haikubaliani na fedha zilizotoka. Tumehangaika siku nyingi.

Kumbe kontena la Docker linatembea kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, usipoliambia vinginevyo, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa 8 usiku kwetu, kule bado ni saa 5 usiku ya jana. Samaki wote wa usiku walikuwa wanaandikwa siku iliyopita! Maziwa ya saa 12 asubuhi hayawezi kukuonyesha kosa hili, maana yanabaki tarehe ileile, ndiyo maana Karani hajaliona. Wekeni Africa/Dar_es_Salaam kwenye databesi na kwenye kontena tangu siku ya kwanza.

---

Mkaa Dunda

Salaam kutoka Bagamoyo. Nafanya kazi za seva, na kidogo nimejenga programu za ndani kwa ajili ya nyumba za wageni hapa mjini. Karani, umefanya kazi nzuri, na kutenganisha ghala na dirisha ndiko kulikoniita nijibu.

Kwenye ukaguzi. PostgreSQL ina kitu kinaitwa triga: kila mstari ukibadilishwa, inanakili mstari wa zamani kwenye jedwali la historia pamoja na saa. Hilo ni bure na halitegemei jukwaa. Ila kuna kona ambayo wengi hawaioni. Jukwaa linaingia kwenye databesi kwa mtumiaji mmoja tu, kwa niaba ya makarani wote. Triga itakuambia "amebadilisha appsmith", basi. Kwa hiyo kila unapoandika mstari, peleka na barua pepe ya aliyeingia, iko kwenye `appsmith.user.email`. ToolJet nako ipo, `globals.currentUser.email`.

Lakini usiishie hapo, maana thamani hiyo inatoka kwenye brauza ya karani, na mtu mjuzi anaweza kuigeuza njiani. Mimi dawa yangu ni ya kizamani, nimejifunza kwa wahasibu. Mtumiaji wa databesi anayetumiwa na jukwaa nampa ruhusa ya kusoma na kuongeza tu kwenye jedwali la mapokezi. Kubadilisha hana, kufuta hana. Karani akikosea akaandika lita 12 badala ya 9, hafuti mstari. Anaongeza mstari mpya wa kutoa 3, na sababu ni lazima aijaze. Jumla inakuwa sahihi na kosa linabaki linaonekana. Hata mimi mwenye seva nikitaka kuficha kitu napata shida.

Na nina swali kwako, nijibu kwa ukweli. Umesema mna seva chumba cha pili. Bakapu mnafanya? Na umewahi kuirudisha kwenye mashine nyingine ukaona inawaka?

---

Karani wa Pongwe

Mkuu wa Dunda, hiyo ya kuongeza bila kufuta nimempelekea mhasibu wetu sasa hivi kwa simu, amefurahi kweli. Amesema ndivyo alivyofundishwa: kwenye leja hakufutwi.

Bakapu: kila usiku saa 4 `pg_dump` inatoa nakala kwenye diski ya nje, na Ijumaa naenda nayo nyumbani. Kuirudisha kwenye mashine nyingine, hapana. Sijawahi. Nipe siku chache.

---

Nesi wa Muheza

Habari zenu wapendwa. Mimi niko sekta ya afya, naomba nichangie kwenye vile vituo vya milimani.

Kwetu jambo hili si geni. Takwimu za vituo vya afya zinaingia kwenye DHIS2, nayo ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na fomu zake zinaundwa na watu wa takwimu, hakuna anayeandika msimbo. Kwa kazi za vijijini kusiko na mtandao tumetumia ODK, iliyoanza Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na ndugu yake KoboToolbox. Fomu unaiandika kwenye Excel: safu ya aina ya swali, safu ya jina, safu ya maneno atakayosoma mtu. Unaipakia, mhudumu anaipata kwenye simu yake. Anajaza bila mtandao kutwa nzima, akishuka mahali penye mtandao inatuma yenyewe.

Kwa hiyo usilazimishe Appsmith ipande mlima. Huko juu weka ODK Collect kwenye simu ya msimamizi wa kituo. Jioni fomu zilizojazwa zikifika, unazivuta kuingiza kwenye PostgreSQL yako. ODK Central yenyewe inahifadhi kwenye PostgreSQL, hutakuwa mgeni.

Jambo moja nimejifunza kwa mama mmoja mhudumu wa jamii. Fomu ilikuwa na maswali 31, akaniambia, "Mwanangu, mgonjwa ananiangalia na mimi naangalia simu." Tukapunguza hadi 11. Mfugaji naye anataka aondoke awahi shamba. Namba ya mwanachama, kiasi, laktomita, amepokelewa au amekataliwa. Zaidi ya hapo kajazeni ofisini.

---

Mzee wa Leja

Vijana, hongereni. Nimefanya uhasibu wa vyama vya ushirika tangu enzi za mkonge una wenyewe hapa Tanga, na naomba mnisikilize kwenye jambo moja. Fomu ya kupokea maziwa, jengeni. Orodha ya stoo, jengeni. Leja kuu, mizania, mikopo ya wanachama na riba, msijenge kwa kuburuta visanduku. Hesabu za pande mbili zina sheria zake na kosa dogo linajificha mpaka mkaguzi aje. ERPNext ipo, ni huria na uhasibu wake umeshapitiwa na macho mengi; Odoo ya Ubelgiji nayo ina toleo huria, ila uhasibu wake kamili uko kwenye toleo la kulipia. Jumla ya siku 15 itoke kwenye programu ya Karani iingie kule kama muamala mmoja kwa kila mfugaji.

Nimeona chama kimoja kikijitengenezea leja yake. Ilichukua miezi kuipatanisha na benki, na wanachama walisubiri gawio muda wote huo.

---

Kijana wa Makorora

Nauliza tu wakuu, programu huria si ndiyo bure? Sasa toleo la kulipia linatoka wapi?

---

Mkaa Dunda

Mdogo wangu, huria ni ruhusa: kutumia, kusoma msimbo, kubadilisha, kugawa. Bei ni habari nyingine. Kampuni nyingi za majukwaa haya zinatoa kiini kwa leseni huria, kisha mambo ambayo makampuni makubwa yanayataka, kama kumbukumbu za ukaguzi na kuingia kwa akaunti moja ya kampuni, zinayauza.

Na leseni zinatofautiana. Appsmith ni Apache 2.0, haina masharti mengi. Kiini cha Baserow ni MIT, nayo ni nyepesi. ToolJet ni AGPL: ukiubadilisha msimbo wa jukwaa lenyewe na watu wakalitumia kupitia mtandao, inabidi uwape na msimbo uliobadilisha. Fomu yako ya maziwa haimo kwenye hilo, wala makarani wako kuitumia hakukubani. Ila soma leseni kila unapopandisha toleo, maana kampuni inaweza kubadilisha masharti ya matoleo yajayo. Toleo ulilonalo linabaki na leseni yake.

Na seva ya ndani usiifungulie mlango wa intaneti kwa sababu tu bosi anataka kuangalia ripoti akiwa Dar. Mwekee VPN, yaani njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ofisi; WireGuard ni huria na nyepesi.

---

Bint Chumbageni

Nauliza na hili: nina namba za simu za wateja na wengine namba za NIDA, wanaokopa vipuri. Sheria inasemaje?

---

Nesi wa Muheza

Dada, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Kaulize kuhusu usajili mapema. Na kwa upande wako, kama namba ya NIDA huitumii kwa kazi yoyote, usiichukue. Muuza duka wa tawi hana haja ya kuiona hata kama umeichukua, kwa hiyo ukurasa wake usiwe nayo kabisa. Kuificha kwenye kioo wakati swali la SQL bado linaileta hakutoshi, iondolewe kwenye swali lenyewe.

---

Karani wa Pongwe

Nimerudi wakuu. Zimepita siku nne.

Nilimuazima jirani kompyuta yake, nikaweka Ubuntu, Docker, Appsmith, PostgreSQL. Nikaingiza nakala ya Alhamisi. Data za maziwa zilirudi zote: nilichagua wanachama 20 na kulinganisha na karatasi zilizosainiwa, hakuna lita iliyopotea. Nikaingiza na nakala ya Appsmith. Kurasa zikaja, fomu zikaja, nikabofya "Pokea", ikakataa kuunganika na databesi.

Nilikesha nayo. Appsmith inazifunga nywila za databesi kwa ufunguo wake, zile APPSMITH_ENCRYPTION_PASSWORD na APPSMITH_ENCRYPTION_SALT kwenye faili la docker.env. Mashine mpya ilijitengenezea ufunguo mpya, na ule wa zamani sisi hatukuwa tumeuhifadhi popote zaidi ya ndani ya seva yenyewe. Safari hii seva ipo hai, nikaenda nikaunakili, nikauweka, kila kitu kikawaka. Lakini kama moto ungepita chumba cha pili, dirisha lingerudi bila ufunguo, na ningelazimika kuandika upya maunganisho yote asubuhi wafugaji wakiwa mlangoni. ToolJet nayo ina wake, LOCKBOX_MASTER_KEY, wenye ToolJet uangalieni leo.

Nimeuchapa kwenye karatasi mbili. Moja katibu ameifungia kwenye kasha la fedha pamoja na hati ya kiwanja. Nyingine iko kwa mwenyekiti kwenye bahasha iliyosainiwa kwenye kifungo. Ruhusa za databesi nimezibadilisha kama alivyosema wa Dunda: kusoma na kuongeza tu. Jana jioni karani aliandika 15 badala ya 5, akaongeza mstari wa kutoa 10, kwenye sababu akaandika "kidole kimegusa mara mbili". Mhasibu ameuona leo asubuhi bila kuniuliza.

Nesi, ODK nimeijaribu kwenye simu ya msimamizi wa kituo cha juu, maswali manne tu. Jumatatu napanda naye gari la maziwa nikaone inavyokwenda. Baharia, saa ya kontena nimeirekebisha. Mzee wa Leja, shikamoo tena, nitakuja inboksi unielekeze muamala wa malipo unavyotakiwa kuingia ERPNext, nikishauelewa nitauandika hapa.